Moyo Mwekundu si Uhakiki

Kuonyeshana kazi na kuzikosoa ni nusu ya somo la sanaa. Darasani michoro hubandikwa ukutani, wanafunzi wakasogea na kunyoosha vidole. Somo lilipohamia mtandaoni, hasa shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, ukuta ukawa kundi la WhatsApp. Sasa umezuka utaratibu mbovu: picha hutumwa kundini, lakini kasoro husemwa faragha na mwalimu peke yake. Wanafunzi wengine wanaruhusiwa kupongeza tu.

Watetezi wake wanasema maneno ya maandishi huchoma kuliko ya mdomo, tena hubaki na kusambazwa. Ni kweli. Lugha ya staha na ruhusa ya mwenye kazi vinatosha kwa hayo.

Kinachosahaulika ni kwamba uhakiki humfundisha anayekosoa kuliko anayekosolewa. Mathalani, mchoro wa penseli wa muuza samaki: kivuli cha ndoo kimelala kushoto, cha muuzaji kulia. Mwalimu akimnong'oneza mchoraji, amefundishika mtu mmoja. Mwenzake akiigundua kasoro hiyo mbele ya wote, darasa zima hurudi kwenye michoro yake kutafuta jua liko upande gani. Naye aliyeigundua amefanya kazi yenyewe ya mchoraji, yaani kutazama. Edmund Burke Feldman, mwalimu wa sanaa wa Marekani, aliugawa uhakiki katika hatua nne: kueleza kinachoonekana, kuchambua mpangilio, kufasiri maana, na hukumu mwishoni. Anayeamriwa kupongeza huanzia kwenye hukumu, tena ya kuandikiwa. "Hongera sana", moyo mwekundu, vidole gumba kumi na viwili, na hakuna hata mmoja aliyekitaja kivuli! Huko kunaitwa kulinda hisia. Ni sawa na kumwacha mwenzako aende harusini amevaa kanzu nje ndani.

Picha ya simu nayo hudanganya. Taa ya manjano huifanya karatasi nyeupe ionekane imemwagikiwa chai, na WhatsApp huibana picha hadi mistari myembamba ikafifia. Basi kazi ipigwe mchana karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa sambamba na karatasi, na sarafu pembeni kuonyesha ukubwa. Kisha kila mwanafunzi ataje kwanza anachokiona, ndipo kinachomtatiza. Mchoraji hujibu mwisho, wenzake wote wakishasema.