Mnyama wa Porini Asizue Uhasama Vijijini

Mfugaji wa Makunduchi anapoamka alfajiri na kumkuta mbuzi wake ameraruliwa nyuma ya nyumba, hasara aliyoipata ni ya kweli. Mbuzi huyo ni sare ya mtoto wa shule na ni akiba ya siku ya ugonjwa. Si haki kumcheka mtu huyo. Lakini swali la nani aliyefanya uharibifu huo lataka uchunguzi, kwani katika kisiwa cha Unguja liliwahi kujibiwa kwa pupa, na matokeo yake yamebaki kuwa funzo.

Kwa miaka mingi chui wa Unguja aliishi katika misitu na vichaka vya maweni, jirani na makazi ya watu. Watu walipoongezeka, misitu ilifyekwa kwa mashamba, kuni na matanuri ya chokaa, na paa waliokuwa chakula chake wakawindwa. Chui mwenye njaa akasogelea mabanda. Sababu hizo zilikuwa wazi. Hata hivyo wengi waliamini kwamba chui aharibuye ametumwa, na kwamba ana mwenyewe kijijini anayemfuga kwa uchawi. Katika miaka ya 1960, baada ya Mapinduzi ya 1964, ilipita kampeni iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui waliuawa, na watu walioshukiwa kuwafuga wakaandamwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, watafiti hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba chui huyo bado yupo.

Ajabu ni kwamba chui anadhaniwa kuwa ametoweka, lakini wafugaji wake wangali wanatajwa. Wamekuwepo hata maofisa waliowatafuta ili waoneshwe chui wa kufugwa, hakuna aliyeoneshwa. Kilichobaki ni tuhuma, na tuhuma haina zizi la kuifungia.

Kosa hilo laweza kurudiwa kwa wanyama wengine. Wakulima wa karibu na msitu wa Jozani walilalamika kwamba kima punju wanamaliza madafu machanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionesha kwamba minazi iliyoliwa na kima haikupungukiwa na mavuno, kwa kuwa mnazi hupukutisha wenyewe sehemu kubwa ya vidaka vyake. Kama ingaliamuliwa kwa hasira tu, kima huyo asiyepatikana porini kwingineko ila Zanzibar angaliadhibiwa bure.

Hii haina maana kwamba mwananchi aache mali yake iliwe. Mbuzi na kuku walale ndani ya banda imara lenye mlango unaofungwa, si chini ya mti. Vichaka vilivyogusa nyumba vifyekwe, na matumbo ya samaki yafukiwe, kwani harufu yake huwaita ngawa na mbwa koko. Mnyama akiuawa, nyayo na majeraha yatazamwe kabla mvua haijafuta alama, na taarifa ifikishwe kwa sheha na kwa maofisa wa misitu.

Hapa ndipo mtumishi wa serikali na mwalimu wanapopimwa. Ofisa anayeipokea taarifa ya mbuzi aliyeraruliwa na kuiweka mtotoni mwa meza humwachia mpiga ramli kazi yake. Mwalimu anayenyamaza darasani mtoto anapomtaja jirani kuwa ana chui huiacha chuki ikue pamoja na mtoto huyo.

Kila mwaka watu wa Makunduchi, katika Mwaka Kogwa, hupigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe na jirani ampe jirani mkono. Desturi hiyo njema ina maana ndogo ikiwa kesho yake mzee mmoja atanyimwa salamu kwa sababu ya mbuzi aliyeliwa na mbwa. Banda lijengwe, nyayo zichunguzwe, na jirani aachwe na heshima yake.