Je, Risasi Pana Humwangusha Mtu?

Katika sinema nyingi, mtu apigwaye risasi ya bastola hurushwa nyuma hatua kadhaa. Picha za namna hiyo zimeeneza imani kwamba kadiri risasi inavyokuwa pana ndivyo inavyomkomesha mtu papo hapo. Imani hii yafaa ipimwe kwa kanuni zifundishwazo darasani, kwani makosa katika jambo hili hulipwa kwa maisha ya watu.

Tuchukue risasi ya kipenyo cha milimita 9, yenye tungamo la gramu 7.5 na kasi ya mita 350 kwa sekunde. Momenta yake ni 0.0075 × 350, yaani takriban kilogramu-mita 2.6 kwa sekunde. Ikikwama mwilini mwa mtu wa kilo 75, itampa mwendo wa sentimita 3.5 tu kwa sekunde. Wala hili si ajabu: kwa kanuni ya tatu ya Newton, lau risasi ingeweza kumrusha mtu, bastola ingemrusha kwanza aliyeifyatua.

Kimkomeshacho mtu ghafla ni kuharibika kwa ubongo au uti wa mgongo. Jeraha la moyo lenyewe humwachia sekunde kadhaa za kutenda.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, Marekani, maofisa wa FBI walipambana na majambazi wawili. Risasi ya milimita 9 ilipenya mkono na kifua cha mmoja wao, ikakomea karibu na moyo. Jambazi huyo aliendelea kupigana. Maofisa wawili waliuawa na watano wakajeruhiwa. Baadaye FBI ilihamia risasi pana zaidi, kisha ile ya inchi 0.40. Lakini vipimo vya risasi katika jelatini vilionyesha kuwa jambo la kwanza ni kina: angalau sentimita 30. Risasi mpya za milimita 9 zilipofikia kina hicho, tena zikiwa rahisi kulengwa, katika miaka ya 2010 FBI ilizirejea.

Basi “nguvu ya kukomesha” si newtoni wala si juli. Ni jina lisilo kipimo. Askari alitegemeaye hujihatarisha, na raia adhaniaye kwamba bastola yaweza kuzuia bila kuua hujidanganya. Walimu na wawape wanafunzi hesabu hii, ili wajifunze kuuliza kila nguvu isifiwayo: imepimwa kwa nini?