Kijana anayetaka kuunda gemu asome nini?

JUMAMOSI moja mwezi uliopita mama mmoja mfanyabiashara alinigongea mlango hapa Gitega. Nasema Gitega ya Kigali, jirani na Biryogo, si ile ya Burundi. Mkono mmoja alishika brosha ya chuo, mkono wa pili bahasha. Tunafahamiana tangu utotoni Karagwe, wazazi wetu walipokuwa wakimbizi pamoja. Siku hizi yeye huleta mchele kutoka Tanzania kupitia Rusumo.

“Mwalimu,” akaniambia, “huyu kijana wangu amemaliza sekondari, na anasema anataka kusomea magemu. Akiba hii nimeiweka miaka minne. Niambie, nikilipa nitakuwa nimemsomesha au nitakuwa nimezitupa hela Akagera?”

Chuo kilitaka ada ya kwanza Jumatatu.

Ndugu msomaji, sikumcheka. Najua wazazi wengi wakisikia neno gemu huona kijana amelala kitandani na simu, au amejifungia kwenye kibanda cha kucheza mpira wa kwenye televisheni. Lakini hiyo ni kazi kama kazi nyingine, na Waafrika wanaifanya. Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa gemu yake ya Adventures of Nyangi, na mwaka 2009 akaungana na Mghana Eyram Tawia kuanzisha kampuni ya Leti Arts. Kule Cameroon, Olivier Madiba alianza kuiwaza gemu ya Aurion mwaka 2003 akiwa mwanafunzi wa kompyuta Chuo Kikuu cha Yaoundé. Ilitoka mwaka 2016. Hesabu mwenyewe: miaka 13, katika nchi ambayo umeme hukatika kama unavyokatika kwetu.

Kwa hiyo swali la mama yule halikuwa kama kazi ipo. Swali ni kijana asome nini ili aiweze. Na hapo ndipo nina neno la kuwaambia wazazi wenzangu, hasa sisi tuliorudi kutoka ughaibuni na ninyi mnaopata ada kwa kuvuka mpaka: msinunue jina la kozi.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulinunua. Niliporudi Rwanda miaka ya mwanzo ya 2000, neno lililokuwa linang'aa lilikuwa “kompyuta”. Nilikuwa na cheti changu cha kidato cha sita cha Tanzania, lakini niliambiwa kwamba bila kompyuta sitapata kazi. Mzee wangu akauza ng'ombe. Nikalipa chuo kimoja cha binafsi, miezi tisa. Tulifundishwa kuwasha mashine, kuandika barua na kuchora jedwali. Nilipopeleka cheti kuomba kazi, nikaulizwa kilitambuliwa na nani. Hakikutambuliwa na yeyote, na nilipokwenda kuuliza chuoni nikakuta pamekuwa duka la magodoro. Mzee hakuwahi kunilaumu. Alisema tu, “Mwanangu, mkimbizi husoma kitu kinachovuka mpaka.”

Tuirudie ile brosha. Ilikuwa na picha nzuri za mashujaa wenye mapanga. Niliisoma mara mbili nikitafuta neno hisabati, sikuliona. Nikamwomba mama amwite kijana mwenyewe.

Alikuja na simu yake. Kumbe alikuwa ameshatengeneza igisoro ya simu, kwa programu za bure alizojifunza kwenye intaneti. Mashimo 32, kete 64, kama bao la babu zetu. Wawili wakipokezana simu wanacheza vizuri kabisa. Lakini ukicheza na mashine yenyewe, inasogeza kete ovyo ovyo, hata mtoto wa miaka saba ataifunga. Nikamuuliza kwa nini. Akainamisha kichwa, akasema, “Mwalimu, sijui namna ya kuifundisha kufikiri mbele.”

Jibu lile lilitosha kutuonyesha kozi ya kusoma. Kuifanya mashine ipime hatua tatu nne zijazo, ione mimi nikicheza hili yeye atajibu lile, ni somo linalojulikana. Linafundishwa katika sayansi ya kompyuta baada ya mwanafunzi kupita kwenye hisabati na kwenye namna ya kupanga data. Gari likikata kona kwenye gemu, mpira ukigonga ukuta ukarudi, hizo ni trigonometria, vekta na fizikia ya sekondari. Mchezaji akipewa zawadi mara moja katika mara kumi, hiyo ni hesabu ya uwezekano. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Basi kwa maoni yangu, anayetaka upande wa kuandika programu aanzie sekondari. Kwa wanaoingia mwaka wa nne wa sekondari, michepuo ya zamani kama MPC na MCE imepisha njia tatu kuanzia mwaka wa masomo 2025/2026: hisabati na sayansi, sanaa na elimu ya jamii, na lugha. Achukue ya kwanza. Anayependa ufundi, shule za ufundi zina fani ya kuunda programu. Akifika chuo kikuu achukue sayansi ya kompyuta au uhandisi wa programu. Chuo Kikuu cha Rwanda kina masomo hayo kwenye koleji iliyoirithi KIST mwaka 2013, na kutoka Gitega ni mwendo wa miguu.

Lakini gemu haiundwi na waandishi wa programu peke yao. Kuna wachoraji, wanaotembeza katuni, wanaopiga muziki, wanaoandika hadithi na wanaojaribu gemu ili kutafuta makosa. Kijana mwenye mkono wa kuchora asilazimishwe hesabu zisizo zake. Asome sanaa, kisha ajifunze kuchora kwa kompyuta. Nairobi kuna chuo cha ADMI kinachofundisha gemu pamoja na katuni na filamu. Tena yupo mtu wa kanuni, na huyo ndiye mbunifu hasa. Wanaojua bao la Kiswahili la Pwani wanafahamu kwamba mchezo huanza na namua, kila mchezaji akiwa na kete 22 mkononi, ndipo mnaingia mtaji. Kwenye igisoro kete zote ziko ubaoni tangu mwanzo. Mashimo ni yaleyale na kete ni zilezile, lakini kanuni zikibadilika umepata mchezo mwingine. Kijana anayeweza kueleza tofauti hiyo ameanza kusomea ubunifu wa gemu kabla hajalipa senti.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, mbona Lual Mayen hakusoma popote? Ni kweli, na kisa chake kinatuhusu sana sisi tuliozaliwa ukimbizini. Mayen ni wa Sudan Kusini, amekulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka mitatu akapata dola 300 za kumnunulia laptopu. Kijana akawa anatembea saa tatu kufika palipo na umeme na intaneti. Akajifundisha mwenyewe, akaunda gemu aliyoiita Salaam, na mwaka 2018 akatambuliwa kwenye tuzo za dunia za gemu. Leo ana kampuni yake Marekani.

Kisa hicho hakisemi kwamba shule haina maana. Mayen alisoma yaleyale ninayoyataja, ila alijifundisha bila mwalimu na kwa miguu. Angalia pia mama yake alinunua nini: alinunua chombo cha kazi. Mzazi mwenye hela kidogo afikirie hilo. Laptopu nzuri na bando la intaneti la mwaka mmoja vinaweza kumpima kijana kuliko muhula mmoja wa ada. Programu kama Godot na Blender ni za bure. Ambaye katika mwaka mzima hajamaliza hata gemu moja ndogo, stashahada haitamtengeneza.

Naomba pia tusidanganyane kuhusu soko. Mwaka 2023 na 2024 kampuni kubwa za gemu duniani zilipunguza wafanyakazi kwa maelfu, watu wenye shahada na uzoefu. Ndiyo maana nasisitiza elimu inayovuka. Aliyesoma sayansi ya kompyuta, gemu zikikataa, ataajiriwa benki, hospitali au kwenye kampuni ya simu. Mwenye karatasi inayosema “gemu” tu atabaki kama mfanyabiashara aliyejaza lori bidhaa moja isiyotakiwa sokoni.

Na anayempeleka mtoto nje aangalie ithibati kabla ya nauli. Hapa kwetu uliza HEC, Tanzania TCU, Kenya CUE, Uganda NCHE. Ni kweli marais wetu walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, lakini chuo kisichotambuliwa kwao hakitatambuliwa kwetu.

Nikamwambia mama yule asilipe Jumatatu. Aende chuoni na mwanawe, waulize mambo matatu. Kwanza, nani amewapa ithibati, na barua yake iko wapi? Pili, kwa wiki kuna saa ngapi za hisabati na za kuandika programu? Tatu, watuonyeshe gemu moja iliyomalizwa na wanafunzi wao, tuicheze hapa hapa.

Walikwenda. Barua haikuonekana, na gemu ya kuchezwa haikuwepo. Kijana alikasirika siku mbili, kisha akaja kuniomba vitabu vya hisabati. Sehemu ya akiba imenunua laptopu, na iliyobaki inasubiri majibu ya maombi ya chuo kikuu. Sijui kama atapata nafasi, wala simwahidi mtu kwamba atatajirika. Lakini hela ya mama haijaenda Akagera.

Sisi tuliorudi tuna kitu kimoja ambacho wengine wanakilipia. Tumekua na lugha inayoeleweka kutoka Kigali hadi Mombasa na Lubumbashi, na mwaka 2017 Rwanda yenyewe iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Gemu ya igisoro inayozungumza Kiswahili inaweza kuvuka mipaka mingi kuliko lori la mchele. Aiunde kijana wetu, lakini kwanza ajue hesabu zake.