NAMBARI YA KIWANJA NA HAKI YA MNYONGE

Mfanyi kazi wa Chicago aletewapo hati ya kuthaminiwa nyumba yake, hutazama kwanza thamani, maana ndiyo itakayomtoza kodi. Asichokitazama ni safu ya tarakimu 14 iliyopigwa chapa katika hati hiyo hiyo. Twasema safu hiyo ndiyo mlango wa haki yake.

Wilaya ya Cook, yenye mji wa Chicago, ina viwanja takriban milioni 1.8, na kila kimoja kina nambari yake. Tarakimu 2 za kwanza zataja eneo, 2 zifuatazo sehemu ya eneo, 3 mtaa, 3 kiwanja chenyewe, na 4 za mwisho fleti. Nyumba isiyo fleti huishia na sufuri nne. Nambari hiyo imo pia katika bili ya kodi, na aliyepoteza makaratasi yote aweza kuitafuta kwa anwani ya nyumba katika tovuti ya Mthamini wa Wilaya. Lakini na aangalie: nyumba moja yaweza kuwa na nambari mbili, kwa mfano ya pili ikiwa ya maegesho ya gari. Akikata rufani kwa moja, nyingine hubaki kama ilivyo.

Nambari ina uzito kwa kuwa rufani hujengwa juu ya ulinganifu. Majirani wa mtaa mmoja wana tarakimu 7 za kwanza zilizo sawa. Basi mwenye kuijua yake aweza kutafuta nyumba zifananazo na yake, na kuuliza: kwa nini yangu imepandishwa kuliko hizi?

Swali hilo si la mzaha. Mwaka 1969 hadi 2023 Edward Burke alikuwa diwani wa Chicago, huku ofisi yake ya uwakili ikichuma kwa rufani za kodi za majumba makubwa. Desemba 2023 alitiwa hatiani kwa kutumia cheo chake kuwashurutisha watu waipe ofisi hiyo kazi. Nao uchunguzi wa magazeti wa mwaka 2017 ulidhihirisha kwamba nyumba za maskini zilithaminiwa kupita kadiri, na za matajiri chini ya kadiri. Mthamini wa wakati huo, Joseph Berrios, aliangushwa katika kura za mchujo za Machi 2018.

Kumbe rufani kwa Mthamini haina ada, wala mwenye nyumba halazimiki kuwa na wakili. Muda wake ni kama siku 30 tu. Mnyonge huukosa kwa kutojua, tajiri huuwahi kwa kuwa ana wa kumkumbusha.

Tena hapana budi tuseme kweli yote. Rufani haipunguzi jumla ya kodi inayotakiwa. Apunguziwapo mmoja, mzigo huwaelemea walionyamaza. Kwa hiyo rufani ya mtu mmoja mmoja si haki kamili. Haki yataka mtaa mzima ukae pamoja, kila mmoja na nambari yake mkononi, na vyama vya wafanyi kazi viwe waalimu wa jambo hili.

Asiyejua nambari yake hulipa deni la mwenzake. Umoja huanza kwa kujua.