Shangazi, sumu ya panya na mdomo wangu

Umezoea kunikuta hapa nikiwasema watu wa mjini, lakini leo zamu ni yangu. Utani wangu mwenyewe umenitokea puani, na nusura umpeleke shangazi yangu kaburini.

Stori yenyewe ni hivi. Shangazi alikuja Dar kwa basi kutoka Mwanza, safari ya kilomita zaidi ya 1,100, kajikunja kwenye kiti huku kapakata mfuko wa dagaa. Maji hanywi, eti asije akamsumbua dereva kila saa asimamishe watu wakachimbe dawa. Siku ya tatu mguu wa kushoto ukavimba kuanzia kwenye kigimbi, ukawa wa moto, na kuukanyagia ni kilio. Majirani wa Magomeni hawakukawia: "Huyu kakanyaga kitu!" Na aliyekitega wakawa wameshamjua.

Mke wangu akasema hospitali kwanza, waganga baadaye. Kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kwamba kweli kuna kitu, ila hakikutegwa na mtu: damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Daktari akatuambia kuumwa mguu ni jambo dogo. Balaa ni lile bonge la damu likimeguka, likasafiri mpaka kwenye mapafu na kuziba njia. Hapo mtu anaweza kuanguka huku anaongea na wewe.

Basi shangazi akaanzishiwa sindano za heparini, ambazo hufanya kazi haraka, pamoja na vidonge vya warfarini, ambavyo huchukua siku kadhaa kushika. Sindano zikaisha, vidonge vikaendelea. Amri ikawa miezi isiyopungua mitatu, kidonge kila jioni, na kupima damu kila anapoitwa.

Sasa njoo kwenye kiherehere changu. Si unajua mtu akishasoma kitu hawezi kulala nacho? Jumapili moja tuko kwenye ubwabwa, mimi nikatupa bomu: "Shangazi, hivi unajua hizo dawa zako ni sumu ya panya?"

Meza nzima kicheko. Nami nikazidi kujimwaga. Nikasimulia kwamba miaka ya 1920 huko Kanada na kaskazini ya Marekani ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu, kisa wamelishwa majani makavu ya klova tamu yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alikatiza kwenye dhoruba ya theluji kumpelekea mtaalamu wa kemia, Karl Paul Link, ng'ombe aliyekufa na ndoo ya damu isiyotaka kuganda. Link na vijana wake wakahangaika miaka, wakaipata kemikali yenyewe, kisha wakatengeneza ndugu yake mwenye nguvu zaidi. Mwaka 1948 ikaingia sokoni kuua panya. Jina la warfarini likatokana na herufi za mwanzo za taasisi iliyogharimia utafiti ule.

Shangazi naye alicheka. Nikajiona bingwa.

Siku tisa baadaye nikapita kumjulia hali. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba." Macho yangu yakaenda mguuni: umevimba upya! Nikauliza dawa ziko wapi. Akanyanyua godoro, akanionyesha vidonge vyote, hata kimoja hakijaguswa tangu ile Jumapili.

"Baba," akasema taratibu, "wewe ndiye msomi wa ukoo huu. Ukisema ni sumu, mimi ni nani hata nimeze?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ulimi hauna mfupa, ndugu yangu, lakini siku ile wangu niliusikia mzito kama nanga.

Tukakodi teksi mbio mpaka hospitali. Kile kipimo cha damu wanachokiita INR, ambacho kwake kilitakiwa kiwe kati ya 2 na 3, kilisoma 1.1, yaani kama mtu asiyetumia dawa kabisa. Sindano zikaanza upya. Kwa rehema za Mungu mapafu yalikuwa salama.

Nilipoungama kwa daktari, hakunigombeza. Alinimalizia hadithi niliyoikata nusu. Mwaka 1951 askari mmoja wa Marekani alijaribu kujiua kwa kumeza ile sumu ya panya. Akapelekwa hospitali, akapewa vitamini K, akapona kabisa. Waganga wakaona kumbe inaweza kutumika kwa binadamu, tena ina kizuizi chake. Mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa. Mwaka uliofuata Rais Eisenhower wa Marekani alipopata mshituko wa moyo, naye alitibiwa kwa hiyo hiyo. Tofauti ya sumu na dawa ni kipimo. (Ile ya panya inayouzwa mtaani usiiguse, ndugu yangu, humo hujui mna nini!)

Akanifundisha pia namna inavyofanya kazi. Warfarini haiyeyushi damu kama tunavyodanganyana vijiweni. Ini hutumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na warfarini inaibana kazi hiyo ili bonge lisikue na mwili upate nafasi ya kulisafisha wenyewe. Ndiyo maana mchicha, matembele na kisamvu, vyenye vitamini K tele, vina neno hapa. Mgonjwa hakatazwi mboga, ila ale kiasi kilekile wiki hadi wiki. Asishindie chipsi wiki hii, wiki ijayo akafukia sufuria la mchicha.

Na ule mtindo wa kukimbilia duka la dawa kununua aspirini au diklofenaki kwa ajili ya mgongo, kwa mtu wa warfarini ni hatari, maana anaweza kuvuja damu tumboni. Akiona choo cheusi kama lami, fizi zinatoka damu bila kukoma, au kaanguka akagonga kichwa, aende hospitali hapo hapo. Na dada unayeitumia, ukitaka mtoto muone daktari mapema, kwani inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Siku hizi zipo dawa mpya zisizohitaji vipimo vya kila mara, lakini bei yake inachoma, na si kila mgonjwa zinamfaa.

Shangazi sasa anaendelea vizuri. Kila jioni nampigia simu saa mbili kamili, namsikia akimeza na kushushia maji. Jana kaniuliza, "Haya msomi, leo hakuna habari ya panya?"

Nikamjibu hakuna, shangazi. Lala salama.

Tukijaaliwa, wiki ijayo.