Ugonjwa wa ukoo si laana

Bado wako wahubiri, na hata wazee wa ukoo, ambao wakiona ugonjwa unarudi kizazi baada ya kizazi hutamka mara moja neno «laana». Tunalikataa. Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua mkosaji ni yeye ama wazazi wake, na Yesu alikana yote mawili (Yohane 9). Ni nani basi aliyewaruhusu wahubiri hao kuiokota tena fimbo aliyoivunja Bwana?

Vijana wapendwa, tutazame Venezuela. Kandokando ya ziwa Maracaibo wanaishi jamaa nyingi maskini zenye ugonjwa wa Huntington: mwili hutikisika wenyewe, akili hufifia, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi moja kati ya mbili ya kuurithi. Kuanzia mwaka 1979 Nancy Wexler wa Marekani, ambaye mama yake aliuawa na ugonjwa huohuo, alikwenda huko na wenzake mwaka baada ya mwaka. Waliandika nani ni mtoto wa nani, nani mgonjwa, nani mzima, wakachukua damu.

Jeni yenye kasoro haikujulikana iko wapi. Wataalamu walitafuta kwanza alama, yaani mahali katika DNA ambapo watu hutofautiana. Alama yenyewe haileti ugonjwa. Lakini ikiwa katika jamaa moja watoto waliopokea alama ya namna fulani ndio wanaougua, na ndugu zao wenye namna nyingine wanabaki wazima, basi alama na jeni ni majirani. Mwaka 1983 James Gusella na wenzake walitangaza alama hiyo, katika kromosomu ya 4. Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1993.

Kazi hiyo inadai ukweli. Jamaa ikimfungia mgonjwa chumbani bila kumtaja, ama ikificha baba halisi wa mtoto, ramani inaharibika. Maskini wale walisema kweli, na dunia nzima ikapata kipimo. Dawa ya kuponya bado haipo, nao wengi wamebaki katika umaskini wao. Hilo ni deni, wala tusilifunike kwa sifa. Tarehe 18 Mei 2017 Papa Fransisko aliwapokea wagonjwa wa Huntington na jamaa zao Vatikano, akataka ugonjwa huo usifichwe tena, na utafiti usiangamize viinitete vya binadamu.

Na sisi wa Kongo? Tuna ugonjwa wa SS, ambao wengi huuita anemia tu. Baba na mama wakiwa wote wawili AS, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuzaliwa SS. Wote wawili wamempa. Hata hivyo ni mama anayeitwa mchawi, ni mama anayerudishwa kwao, huku ukoo wa mume ukinyamaza juu ya watoto wake uliowazika zamani.

Tunawadai viongozi wa vijana katika kila parokia: kipimo cha damu kitajwe mapema, kabla mahari haijazungumzwa, na jibu lake lisitumiwe kumwaibisha yeyote.