Vezel au C-HR? Mimi nimeshaamua

Pesa za gari ziko tayari (akiba kidogo, mkopo wa sacco mwingi) na kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilinganisha krosova mbili za haibridi, Honda Vezel na Toyota C-HR. Ukiuliza watu, wote wanabishana kuhusu mafuta tu. Kwenye kipimo cha Kijapani cha JC08, C-HR ilipewa kilomita 30.2 kwa lita na Vezel 27. Huku kwetu sahau hizo namba! Kitale iko mita kama 1,900 juu ya bahari, Bungoma mita 1,400 hivi. Ukiteremka kupitia Kiminini na Webuye, mota inageuka jenereta kila ukikanyaga breki na betri inajaa. Kurudi, mlima unadai chake kwa petroli.

Kwangu hoja ni giaboksi. C-HR inatumia mfumo wa Prius: injini ya 1.8, mota mbili, na gia za sayari zinazogawanya nguvu. Hakuna klachi, hakuna gia ya kubadilisha. Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba msimbo usiokuwepo hauna hitilafu. Vezel ya kizazi cha kwanza ina injini ya 1.5, mota moja, na giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili kavu, huku kompyuta ikiamua ipi ishike na lini. Februari 2014 Honda iliyaita magari zaidi ya 80,000 ya Fit na Vezel kule Japani kwa sababu ya programu ya giaboksi hiyo. Julai mwaka huohuo ikaita mengine tena kwa programu. Yaani gari linawekewa viraka kama Windows.

Kwa hivyo ningekuwa mtu wa lami tu, ningechukua C-HR kesho asubuhi.

Lakini mama anakaa Bungoma, ndani kidogo ya barabara ya Chwele, na magoti yake yameanza kukataa bodaboda. Gari hili nalinunua limfuate mpaka mlangoni na kumpeleka kliniki, hata Aprili mvua ikiwa imechimba barabara. Tumbo la C-HR ya haibridi liko milimita 140 kutoka ardhini. La Vezel isiyo na 4WD ni 185. Weka watu wanne na gunia la mahindi, halafu uniambie C-HR itapitaje pale!

Kinachoniudhi ni kwamba barabara hiyo mbovu ndiyo klachi kavu huichukia. Ukienda mwendo wa kinyonga klachi inateleza na kupata joto. Vezel ya 2021 iliachana kabisa na giaboksi hiyo, ila bei yake sacco yangu haiwezi.

Basi nachukua Vezel, ya kuanzia 2018, maana mwaka huo ilifanyiwa marekebisho. Zile za 2014 zinazouzwa mkono wa pili sizigusi. Nitaingiza namba ya chasisi kwenye tovuti ya Honda ya Japani nione kama imewahi kuitwa. Kisha nataka nusu saa ya kuliendesha mpaka lipate joto, nilipandishe kilima polepole, nilirudishe kinyumenyume. Muuzaji akikataa, natafuta mwingine.